Kuzima Umeme Si Kuzima Moto

Ipo methali ambayo sisi Wakenya huikimbilia kila tunapofikwa na msiba tuliouita wenyewe: ajali haina kinga. Nimeisikia ikitajwa matangani, nimeisikia katika mikutano ya wazazi, na nimeisikia ikitolewa na wakubwa wa shule walioulizwa maswali wasiyoweza kuyajibu. Sina ugomvi na wahenga. Waliosema hivyo walikuwa wakiwafariji waliofiwa, hawakuwa wakiwasafisha waliozembea. Lakini sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa pazia la kuficha uvivu wetu. Leo ningependa kuzungumza na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi kuhusu ajali moja ambayo kinga yake ipo, inajulikana, na inafundishwa katika madarasa yetu wenyewe. Nayo ni ajali ya umeme uliofungwa ovyo katika boila la kuni.

Wasomaji waliosomea shule za bweni za nyanda za juu watanielewa upesi. Huko Limuru, Molo, Kericho na Nyahururu, mwezi wa Julai huwa na baridi inayouma hadi kwenye mifupa. Mtoto wa kidato cha kwanza akiambiwa aoge maji ya bomba alfajiri, hujipaka mafuta na kwenda darasani. Ndiyo maana shule nyingi huwa na boila nyuma ya jikoni: tangi la chuma lenye tanuri chini yake, maji yakizunguka tanuri hilo, na bomba refu la moshi linaloelekea juu. Hapo zamani boila hilo halikujua umeme. Kuni ziliwashwa, maji yakapata moto, nao wanafunzi wakapanga foleni na ndoo zao.

Kisha umeme ukafika. Mradi wa kusambaza umeme vijijini uliozinduliwa mwaka 2015, pamoja na ile iliyoutangulia ya kuziunganisha shule, umepeleka nyaya mahali ambapo taa ya chemli ilikuwa ndiyo mfalme. Ni neema kubwa wala sitaki mtu adhani kwamba ninaibeza. Ila neema hiyo haikukomea madarasani. Ilifika pia kwenye boila. Mmoja akafunga feni ili ipulize moto na kuni mbichi zishike upesi. Mwingine akafunga pampu ili isukume maji ya moto hadi mabwenini. Hivyo basi vitu vitatu ambavyo mtu mwenye busara hutaka kuviweka mbalimbali, yaani moto, maji na umeme, vikakutanishwa ndani ya kibanda kimoja cha mabati. Aliyevikutanisha, mara nyingi, ni fundi ambaye hakuna aliyemwuliza alisomea wapi.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa fizikia, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Shule hiyo ilijengwa mteremkoni: jikoni na boila juu, mabweni na bafu chini. Kwa kuwa maji ya moto hupenda kupanda wala si kushuka, ilibidi iwepo pampu ya kuyasukuma kuelekea bondeni. Aliyekuwa akilitunza boila alikuwa mzee mmoja mtulivu ambaye sote tulimwita Mzee wa Kuni. Alivaa mabuti ya mpira mwaka mzima, kiangazi na masika.

Asubuhi moja alinisimamisha nikielekea darasani.

“Shikamoo, Mzee,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwalimu. Hebu nikuulize, wewe unayefundisha mambo ya umeme. Tangu juzi hili bomba linaniuma.”

“Linakuuma vipi, Mzee?”

“Nikilishika, mkono unasisimka kama umetambaliwa na siafu.”

Ninaona haya kuandika nilichomjibu. Nilicheka, nikamwambia kwamba labda ni baridi, kisha nikaenda zangu kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kanuni ya Ohm. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona mawingu nikayageuzia kisogo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku nne baadaye mvulana mmoja alishuka bafuni akiwa peku, akakanyaga sakafu ya saruji iliyolowa, akanyosha mkono kufungua bomba la chuma. Hakuweza kuliachia. Wenzake walipoanza kupiga mayowe, mwanafunzi mmoja mkubwa alichukua ufagio wenye mpini mkavu wa mti, akaupiga mkono ule hadi ukabanduka. Hadi leo namwona yule kijana kuwa mwenye akili kutushinda sote. Mwenzake alipelekwa hospitalini, akapona, ingawa kovu la kiganjani limebaki.

Mimi nilikimbilia kwenye swichi kuu nikazima umeme wote wa shule. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimesimama pale uwanjani nikihema, nikiwaeleza walimu wenzangu kwamba hatari imekwisha, tuliposikia boila likinguruma kama lori linalopanda mlima. Mabomba yalianza kugonga ukuta. Mvuke ukafoka kutoka kwenye bomba la kupumulia juu ya paa. Mzee wa Kuni aliingia kibandani kwa utaratibu, akaufunga mlango wa hewa, akaanza kuvuta magogo yanayowaka kwa jembe refu na kuyatupa nje. Alipomaliza alijifuta jasho, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: “Mwalimu, umezima umeme. Hujazima moto.”

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya, na ningeomba yachorwe ukutani katika kila kibanda cha boila nchini. Katika birika la umeme, ukizima swichi umemaliza kila kitu: joto lilitoka kwenye umeme, na umeme umeondoka. Boila la kuni si hivyo. Joto linatoka kwenye kuni, na kuni hazina swichi. Umeme ukikatika, pampu husimama, maji ya moto hukosa pa kwenda, nayo makaa huendelea kuyachemsha. Kwa hiyo anayefunga nyaya za boila la kuni hana budi kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza: je, umeme ukivuja, utakatika upesi kabla haujaua? La pili: je, umeme ukikatika, moto utafanya nini? Fundi anayejibu swali moja na kulisahau la pili amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kuua.

Tuanze na swali la kwanza. Tulipolikagua boila baada ya ajali ile, tulikuta kwamba feni na pampu zilikuwa zimefungwa kwa waya mwembamba wenye nyuzi mbili tu, waya hai na waya wa nyutro. Waya wa ardhi haukuwapo. Tena waya huo ulikuwa umepitishwa juu ya bomba la moshi. Plastiki inayofunika nyaya za kawaida imetengenezwa kustahimili joto la nyuzi 70 hivi, ilhali bomba la moshi la boila la kuni laweza kupita nyuzi 200. Plastiki ililainika kidogo kidogo, umeme ukaanza kuvuja, na hapo ndipo Mzee wa Kuni alipoanza kuhisi siafu. Hatimaye plastiki iliyeyuka kabisa, waya hai ukaligusa chuma cha boila. Mabomba yaliyotoka kwenye boila kwenda bafuni yalikuwa ya chuma, hivyo umeme ukasafiri pamoja na maji hadi kwenye mkono wa mtoto. Mzee aliponea mabuti yake ya mpira. Mtoto hakuwa na mabuti.

Wanafunzi wa fizikia, tufanye hesabu. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Mwili wa mtu mwenye ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa hupoteza kinga hiyo, na ukinzani wake waweza kushuka hadi karibu na omu 1,000. Gawanya 240 kwa 1,000: mkondo utakaopita mwilini ni ampia 0.24. Je, breka ya shule yetu ilikuwa ya ampia ngapi? Ishirini. Mkondo ulitakiwa uwe mkubwa zaidi ya mara themanini ndipo breka ile ianze hata kufikiria kushuka. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kutolijua kunaangamiza. Breka na fyuzi za kawaida ziliwekwa ili kuulinda waya usiungue. Hazikuwekwa kumlinda mpishi.

Anayemlinda mpishi ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani chenye mistari ya manjano. Waya huo ukiunganishwa na chuma cha boila, chuma cha pampu na chuma cha feni, kisha ukapelekwa hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini na kwenye mfumo wa ardhi wa jengo, basi waya hai ukigusa chuma chochote, mkondo mkubwa hupita papo hapo, nayo breka huanguka kabla mtu hajagusa. Bila waya huo, chuma hukaa kimya kikiwa na volti 240, kikimngoja mtu. Aidha, mabomba yote ya chuma yanayoingia na kutoka sharti yaunganishwe pamoja kwa waya huo, ili bomba moja lisiwe na umeme na jirani yake lisiwe nao. Shule ikibadilisha kipande cha bomba la chuma kwa la plastiki, kama wengi wafanyavyo siku hizi, yaweza kuwa imeikata njia ya umeme kwenda ardhini pasipo kujua. Muungano huo hauna budi kukaguliwa upya.

Mlinzi wa pili ni kile kifaa ambacho mafundi wengi hapa nchini hukiita kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Iwapo unaorudi umepungua, maana yake ni kwamba mwingine umepata njia ya pembeni, labda kupitia mwili wa mtu. Kile cha kulinda watu hukata umeme pindi tofauti hiyo inapofikia ampia 0.03, tena kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Kumbukeni kwamba mvulana wetu alipitiwa na mkondo ambao, kwa hesabu ile yetu, ungeweza kuwa mara nane ya kiasi hicho. Kifaa hicho kina kitufe kidogo cha kukijaribu. Nimeingia shule nyingi ambako kitufe hicho hakijawahi kubonyezwa tangu siku kilipofungwa. Mlinzi asiyejaribiwa hatujui kama yu macho au amelala.

Kuna pia suala la rangi, na hapa ninawasihi wanaojifanya mafundi wanisikilize. Katika majengo ya zamani, waya mwekundu ndio ulikuwa hai na mweusi ndio nyutro. Katika mfumo mpya, wa kahawia ndio hai na wa samawati ndio nyutro. Shule nyingi zina umeme wa njia tatu, na katika mfumo mpya wa njia tatu waya mweusi huwa ni mmojawapo wa nyaya hai. Yaani rangi ambayo babu alifundishwa kuiamini, mjukuu anapaswa kuiogopa. Jengo lenye nyaya za vizazi viwili si mahali pa kubahatisha. Ni mahali pa kupima kwa kifaa kabla ya kugusa.

Sasa nalijia swali la pili, ambalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Umeme ukikatika, moto utafanya nini? Wala tusidanganyane kwamba umeme haukatiki. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliingia katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, nasi tukacheka. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani tena, na mahali pengi umeme ulirudi siku iliyofuata. Anayefunga boila kana kwamba umeme hautapotea hajawahi kuishi Kenya.

Tazameni jinsi feni na pampu zinavyotofautiana, ingawa zote mbili hutumia umeme na mara nyingi hufungwa kwenye soketi moja. Feni huongeza moto. Ikizimika, moto hupungua, na hatari hupungua pamoja nao. Pampu huondoa joto kwenye boila. Ikizimika, hatari huongezeka. Kwa hiyo feni inafaa kuwa nyepesi kuzimika: ipitie kwenye themostati itakayoikata maji yanapokaribia kuchemka. Themostati hiyo irekebishwe papo hapo shuleni, isiachwe jinsi ilivyotoka kiwandani, kwa sababu maji yanayochemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa huchemka kwa nyuzi 92 hivi katika sufuria iliyo wazi mjini Nyahururu, mita 2,300 na ushei juu ya usawa wa bahari. Pampu nayo iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka, pamoja na mlinzi wake yenyewe, ili pasi mbovu ya bwenini ikiangusha breka isiisimamishe pampu ya boila.

Hata hivyo, usalama wa mwisho haupaswi kutegemea umeme hata kidogo. Mahali ambapo ardhi inaruhusu, tangi liwekwe juu ya boila ili maji ya moto yapande yenyewe na ya baridi yashuke yenyewe. Hakuna tumbili awezaye kukatiza kanuni hiyo. Bomba la kupumulia liachwe wazi hadi juu, lisifungwe vali wala kuzibwa na yeyote kwa kisingizio kwamba linapoteza joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo ukinyimwa njia hujitafutia njia, na tangi la chuma lililofungwa pande zote huwa si boila tena, ni bomu. Lililotuokoa sisi siku ile ni bomba la kupumulia lililokuwa wazi na mzee mmoja aliyejua kazi yake.

Fauka ya hayo, zipo shule ambazo zimenunua jenereta ili pampu isisimame. Wazo ni jema, utekelezaji nimeuona ukitisha. Mtu huchukua waya, akauwekea plagi pande zote mbili, akauchomeka upande mmoja kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani. Waya wa namna hiyo ni kitanzi. Plagi ikichomoka, vyuma vyake huwa wazi vikiwa na volti 240. Na kama swichi kuu haijafungwa, umeme wa jenereta hutoka shuleni kwenda kwenye nyaya za barabarani, ambako fundi wa kampuni ya umeme amepanda nguzo akiamini kwamba nyaya zimekufa. Ipo swichi maalumu ya kubadilishia, isiyoruhusu umeme wa aina mbili kukutana. Shule isiyokuwa na swichi hiyo haina jenereta, ina mtego.

Najua nitajibiwa nini. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniambia, “Mwandishi, wewe unaandika, mimi ninalipa.” Karo hazilipwi kwa wakati, mgao wa serikali huchelewa, na fundi mwenye leseni hutoza zaidi ya kijana wa sokoni. Yote hayo ni kweli. Lakini tuhesabu kwa uaminifu. Mita chache za waya wenye nyuzi tatu badala ya mbili, fimbo ya shaba, mlinzi mmoja wa umeme unaovuja, na waya unaostahimili joto kwa sehemu iliyo karibu na tanuri: gharama ya vitu hivyo haifikii gharama ya jeneza, usafiri wa maiti na kesi mahakamani. Sizungumzii machozi ya mama, maana hayo hayana bei. Iwapo kweli shule haina uwezo huo, basi iiondoe feni, iiondoe pampu, na irudie ndoo. Ndoo nzito inachosha mkono. Haiukamati ukakosa kuachia.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mtu aliyepewa leseni, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ndiyo inayotoa leseni hizo. Kazi inapokamilika fundi hutoa cheti chenye jina na sahihi yake. Mwenyekiti wa bodi ya usimamizi anayelipia kazi pasipo kukidai cheti hicho amejivika mwenyewe mzigo wa lawama. Na shule kubwa zenye maboila ya mvuke ya kupikia zikumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka maboila hayo yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ukaguzi si kuja kunywa chai ofisini na kutia sahihi kitabu cha wageni.

Lakini mimi ni mwalimu, na lawama yangu kubwa zaidi naielekeza kwetu sisi walimu, nikianza na nafsi yangu. Chini ya mfumo wa 8-4-4 mada ya umeme wa nyumbani iliwekwa kidato cha nne. Tuliifundisha kwa kuchora plagi ya pini tatu ubaoni, tukawaambia wanafunzi wakariri rangi, nao wakakariri, wakapita mtihani. Umbali kati ya ubao ule na boila lile ulikuwa mita mia moja na hamsini. Sikuwahi kuwapeleka. Nilikuwa nafundisha kanuni ya Ohm asubuhi ileile ambayo Mzee wa Kuni, asiyejua kusoma, alikuwa amenipa matokeo ya jaribio lake mwenyewe mkononi mwake, nami nikamcheka. Kati yetu wawili, aliyekuwa mwanasayansi ni yeye. Yeye alichunguza, akatilia shaka, akauliza. Mimi nilikuwa na cheti.

Leo, tunapoambiwa kwamba elimu mpya inasisitiza umilisi, yaani kutenda badala ya kukariri, ninawaomba walimu wenzangu waanzie hapo nyuma ya jikoni. Wapelekeni wanafunzi hadi mlangoni mwa kibanda, wasimame nje, wasiguse kitu. Waulizeni: waya wa ardhi uko wapi? Swichi ya kuzimia pampu iko wapi, na je, mtu anaweza kuifikia bila kuupita moto? Waya huu unapita karibu na bomba la moshi kwa nini? Bomba la kupumulia linaishia wapi? Umeme ukikatika sasa hivi, nani atafunga mlango wa hewa? Kisha waandike majibu yao, nanyi mpeleke majibu hayo kwa mwalimu mkuu. Hiyo ni insha, ni fizikia, na ni uraia mwema, vyote katika kipindi kimoja.

Nanyi wanafunzi, nina maneno machache yenu. Mkihisi bomba, mlango wa chuma au kichwa cha bafu “kikiuma”, msikijaribu tena wala msiwaite wenzenu waje waonje. Ondokeni, mwambieni mwalimu wa zamu, na akiwacheka kama nilivyocheka mimi, nendeni kwa mwingine. Mkimwona mwenzenu amekamatwa na umeme, msimshike kwa mikono, maana mtakuwa wawili. Zimeni swichi kwanza. Msipoifikia, simameni mahali pakavu, mmbandue kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, msaada uanze hapo hapo na watu wazima waitwe. Hata akiinuka akasema yu salama, apelekwe hospitalini, kwa maana umeme waweza kuudhuru moyo pasipo kuonyesha jeraha nje. Na boila likianza kunguruma, kaeni mbali. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa: kufunga mlango wa hewa na kuupunguza moto. Asithubutu mtu kumimina maji baridi katika boila lililokauka likiwa na moto, kwa kuwa maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla na kulipasua.

Mzee wa Kuni alikwisha kustaafu. Kabla hajaondoka, shule ilileta fundi mwenye leseni, nyaya zikafungwa upya, waya wa ardhi ukawekwa, na swichi ya pampu ikahamishiwa nje ya kibanda. Siku ya kwanza ya kuliwasha boila, mzee alinitazama, akavua glavu moja, akaligusa bomba kwa mgongo wa kiganja. Alinyamaza kidogo.

“Haliumi,” akasema.

Sikucheka. Nilimwomba radhi, akanipa mkono, nami nikaenda darasani nikiwa nimechelewa dakika kumi. Siku hiyo niliwaambia wanafunzi wafunge vitabu, tukatoka nje sote, tukapanda mteremko kwenda kulitazama boila.